Speed Graphic 4×5: mwongozo kamili wa kamera ya waandishi wa vita, kuanzia kununua hadi kusafisha filamu

Tarehe 23 Februari 1945, juu ya Mlima Suribachi kisiwani Iwo Jima, Joe Rosenthal wa shirika la Associated Press alirundika mawe na gunia kuukuu la mchanga apate kimo, akapanda juu yake na Speed Graphic yake mkononi. Tundu la lenzi lilikuwa kati ya f/8 na f/11, kasi 1/400 ya sekunde. Picha ya wanajeshi wakisimamisha bendera ikasafishwa kisiwani Guam, na Jumapili ya tarehe 25 ilikuwa imeshatoka magazetini Marekani. Ishike hiyo 1/400. Chini tutaona inatuambia nini kuhusu matumizi ya kamera hii.

Speed Graphic ilianza kutengenezwa mwaka 1912 mjini Rochester, New York, na uzalishaji ukakoma mwaka 1973. Ni sanduku la mti wa mkangazi lililovikwa ngozi, lenye mvukuto unaotoka mbele kwenye reli, na filamu yake ni shiti moja moja ya inchi 4×5, yaani karibu sm 10 kwa 12.5. Ina uzito wa kilo 3 hivi ikiwa na lenzi. Haina betri wala kipima mwanga, na hakuna kitu ndani yake kinachokuzuia kukosea: ukisahau hatua moja itakuitikia vizuri tu, ikikupigia shiti tupu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mpangilio wa mikono.

Ipi ya kununua

Matoleo mawili ndiyo ya kutafuta. Anniversary, iliyotoka mwaka 1940 na kutengenezwa miaka yote ya vita, ndiyo waliyobeba waandishi wa magazeti na wapiga picha wa Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Pacemaker ilikuja mwaka 1947. Utaitambua Anniversary kwa bamba la chuma ubavuni lenye jedwali la kasi 24. Pacemaker haina jedwali hilo, maana kasi zake zimepunguzwa na huchaguliwa kwa kitasa moja kwa moja, na kisimamio chake cha lenzi kinaweza kuinamishwa.

Tahadhari na jina Crown Graphic. Kwa mbele ni Pacemaker tupu, lakini haina pazia la nyuma, yaani shata ya kitambaa iliyo mbele ya filamu. Ni nyepesi zaidi na ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Kwa mtu anayetaka tu kupiga 4×5 ni chaguo bora kuliko Speed. Ila ukitaka kutumia lenzi ya zamani isiyo na shata yake (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga), Crown haitakufaa, kwa kuwa lenzi ya namna hiyo inategemea pazia la nyuma.

Kabla ya kulipa, uliza aina ya mgongo wa kamera. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Kuna aina tatu:

- Mgongo wa springi, wenye kioo cha ukungu (cha kuonea taswira) kinachosukumwa nyuma na kaseti, yaani kibeba shiti, unapoiingiza. Unapokea kaseti za kawaida za 4×5, zikiwemo zinazotengenezwa leo.
- Mgongo wa Graflex, wenye vibamba viwili vya kuteleza ubavuni. Unapokea kaseti za Graflex peke yake, zenye mfereji ubavuni. Kaseti ya kawaida itatoshea kama imekaa, kumbe inavujisha mwanga.
- Mgongo wa Graflok, uliotoka mwaka 1949. Unapokea kaseti za kawaida, na ukitoa kioo unapokea pia kibeba filamu ya rola ya 120. Ukiupata, usisite.

Kwenye lenzi, Kodak Ektar 127 mm f/4.7 ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Inafunika shiti ya 4×5 kwa shida. Ukiinua kisimamio sana, pembe zinaingia giza. Upana wake wa kuona unakaribia ule wa lenzi ya 36 mm kwenye kamera ya filamu ya 35 mm. Optar 135 mm f/4.7 ina nafasi kidogo zaidi pembeni. Ektar ina siri moja inayosaidia kuitambua umri: herufi mbili za mwanzo wa namba yake zinatoa mwaka kwa kutumia neno CAMEROSITY, ambamo C ni 1, A ni 2, na kuendelea hadi T ambayo ni 9 na Y ambayo ni 0. Lenzi yenye EA ni ya 1942, ER ni ya 1945, ES ni ya 1947. Muuzaji anayekuambia kamera nzima ni ya vita huku lenzi imeandikwa ES, muulize vizuri.

Kuifungua na kuikagua

Kitufe cha kufungulia mlango wa mbele hakionekani. Kimefichwa chini ya ngozi juu ya sanduku, karibu na ukingo wa mbele. Papasa kwa kidole gumba mpaka usikie uvimbe mdogo, bonyeza, mlango utaachia. Usitumie bisibisi kuulazimisha. Alama za bisibisi kwenye ukingo wa mlango ni dalili kwamba mmiliki wa kabla yako hakujua jambo hili. Shusha mlango mpaka mikono miwili ya pembeni ijifunge, kisha vuta kisimamio cha lenzi kwenye reli mpaka kigote kwenye vizuizi viwili vidogo, na ukikaze. Vizuizi hivyo vinalala na kusimama kama kope. Kama vimelala, kisimamio kitapita moja kwa moja na kipima umbali chako hakitakuwa na maana.

Mvukuto kwanza. Ingia chumba chenye giza totoro usiku, subiri dakika 10 macho yazoee, kisha weka taa ndogo ya LED ndani ya kamera na uunyooshe mvukuto wote. Zungusha kamera polepole. Matundu huwa kwenye pembe za mikunjo, mahali ngozi inapokunjwa mara mbili. Tundu moja au mawili yanazibwa kwa rangi nyeusi ya nguo inayonyumbulika, kwa tabaka jembamba mara mbili. Acha mvukuto ukiwa umenyooshwa mpaka ukauke kabisa, la sivyo mikunjo itagandana na kuchanika siku ya kwanza. Gundi nene ya raba ni kosa, kwa sababu mvukuto hautakunjika tena hadi mlango ufunge. Matundu yakizidi kumi, bajeti ya mvukuto mpya iwe sehemu ya bei.

Kwa pazia la nyuma, ondoa mgongo, funga pazia, na umulike taa kutoka upande wa lenzi. Kitambaa kilichokauka huonyesha vitobo kama nyota. Kisha lipige kwa kila tundu lake na kila kiwango cha mkazo wa springi (tutavieleza chini), ukisikiliza. Linapaswa kuanguka kwa mlio mmoja. Likisita katikati, au likikwama kwenye mkazo wa 1 na kwenda vizuri kwenye 4, mafuta ya zamani yameganda kwenye rola zinazokunja pazia. Usinyunyize mafuta mapya juu yake. Yatapanda kwenye kitambaa na kukilowesha.

Shata ya mbele unaweza kuipima kwa simu. Rekodi video ya fremu 240 kwa sekunde ukiangalia kupitia lenzi dhidi ya dirisha lenye mwanga, kisha hesabu fremu ambazo shata iko wazi. Kasi ya 1/25 inapaswa kutoa fremu 9 au 10, na 1/50 fremu 5 hivi. Juu ya hapo video haisemi ukweli. Shata ya miaka ya 1940 ikikupa fremu 14 badala ya 10 kwenye 1/25, hiyo ni nusu stopi ya ziada (stopi moja ni mwanga mara mbili). Andika kwenye karatasi ndogo, bandika nyuma ya ubao wa lenzi, na uendelee na maisha. Ikikwama kwenye sekunde 1 na 1/2 tu, ni gia za kasi ndogo zinazohitaji kuoshwa na fundi. Kuanzia 1/25 kwenda juu bado inatumika.

Mwisho wa ukaguzi, gusa kioo cha ukungu. Upande uliokwaruzwa lazima uangalie lenzi. Kikigeuzwa, na hutokea mtu akikiosha, unene wa kioo unaongezeka kwenye hesabu na kila picha itakuwa nje ya fokasi kwa kiasi kilekile.

Shata mbili katika sanduku moja

Neno "Speed" katika jina la kamera linatokana na pazia la nyuma, linalofika 1/1000. Kwenye Anniversary ni kitambaa kimoja kirefu chenye matundu manne yaliyokatwa kwa upana tofauti, kinachoanguka kutoka juu kwenda chini mbele ya filamu. Kasi inapatikana kwa kuchagua tundu (A hadi D) na mkazo wa springi (1 hadi 6):

- A, inchi 1/8: 1/350, 1/440, 1/550, 1/680, 1/825, 1/1000
- B, inchi 3/8: 1/110, 1/135, 1/160, 1/195, 1/235, 1/295
- C, inchi 3/4: 1/40, 1/50, 1/65, 1/75, 1/80, 1/90
- D, inchi 1½: 1/10, 1/15, 1/20, 1/25, 1/30, 1/35

Namba sita za kila mstari ni mkazo 1 hadi 6 kwa mpangilio. Soma tena. 1/400 haimo popote. Ndiyo kasi ya juu ya shata ya Supermatic iliyomo ndani ya lenzi ya Kodak. Picha mashuhuri kuliko zote za Speed Graphic ilipigwa, kwa namba hizo, na shata ya mbele, huku pazia lililoipa kamera jina lake likiwa limekunjwa juu halina kazi. Na wewe fanya hivyo kwa asilimia tisini ya picha zako.

Sababu ni tatu. Pazia la nyuma linatikisa kamera na kupiga kelele. Pili, linaacha sehemu moja ya picha ipigwe kabla ya nyingine: kwa kuwa taswira ndani ya kamera imepinduliwa, chini ya kitu kinapigwa kwanza na juu yake mwisho, ndiyo maana gari linalopita kwa kasi hutoka limeinama mbele kama linakimbilia kuanguka. Tatu, na hii ndiyo inayokula filamu, halijifuniki linapovutwa juu. Matundu yake hupita mbele ya filamu wakati unalikaza. Ukilikaza huku bamba la kaseti (kifuniko cha kuteleza kinachoikinga filamu na mwanga) limetolewa na lenzi iko wazi, shiti imekwisha.

Kutokana na hayo, kanuni ni hizi. Ukitumia shata ya mbele, pazia liwe kwenye nafasi ya wazi kabisa (T au O kutegemea toleo). Ukitumia pazia, shata ya mbele iachwe wazi kwa T (hubaki wazi mpaka uifunge), na pazia likazwe tu bamba likiwa ndani. Ukimaliza kazi ya siku, teremsha mkazo hadi 1. Springi inayolala kwenye 6 mwaka mzima haitakupa 1/1000 tena.

Kupakia kaseti

Kaseti moja inabeba shiti mbili, moja kila upande. Film pack ya shiti 12, ambayo Rosenthal alitumia, haitengenezwi tena; ukitaka kupiga haraka tafuta Grafmatic, inayobeba shiti 6 na kuzibadilisha kwa kuvuta na kusukuma. Kwa kuanza, kaseti tano za kawaida zinatosha kabisa.

Haribu shiti moja kwa kujifunzia. Ipakie na kuitoa mchana, macho wazi, mara kumi. Kisha macho yamefumbwa, mara kumi tena. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye giza.

1. Vuta mabamba yote nusu, futa vumbi kwa brashi laini ndani ya kaseti na kwenye mifereji. Chembe moja ya vumbi ni doa jeusi kwenye picha ya mwisho, mara nyingi katikati ya anga.
2. Geuza mabamba upande mweupe au wa fedha uangalie nje. Una vipele vidogo ukingoni ili vidole viujue gizani. Mweupe maana yake filamu mpya, mweusi, imeshapigwa.
3. Kwenye giza kamili, shika shiti wima. Vikato vilivyo ukingoni vikiwa juu kulia, upande wa dawa, yaani uso unaopokea mwanga, unakutazama wewe.
4. Fungua ulimi wa chini wa kaseti, ingiza shiti chini ya reli mbili za pembeni, isukume taratibu mpaka mwisho. Jaribu kuinua ukingo wake kwa ukucha. Ukiinuka, shiti imepanda juu ya reli na picha itakuwa nje ya fokasi upande mmoja.
5. Funga ulimi, sukuma bamba hadi mwisho, geuza kulabu ndogo ya juu iwe inalizuia.

Mfuko wa giza Dar es Salaam au Mombasa saa saba mchana ni adhabu. Mikono inatoa jasho ndani ya dakika tano, na alama ya kidole chenye jasho kwenye upande wa dawa haifutiki. Pakia usiku au alfajiri, oga kwanza, na uwe na taulo kavu ndani ya mfuko.

Kulenga

Una vifaa vitatu vya kuonea, na kila kimoja kina kazi yake.

Kioo cha ukungu ni cha kazi ya polepole kwenye stendi ya miguu mitatu. Fungua shata ya mbele kwa T, hakikisha pazia liko wazi, jifunike kitambaa cheusi, na utumie kilenzi cha kukuzia kuangalia ukali. Taswira iko kichwa chini. Unaizoea siku mbili.

Kipima umbali cha Kalart kilicho ubavuni kinaonyesha taswira mbili zinazokutana ukizungusha kitasa cha reli. Kabla ya kukiamini, kijaribu. Chagua mnara au jengo lililo mbali, nusu kilomita na zaidi, lilenge kwenye kioo cha ukungu mpaka liwe kali, kisha sogeza vizuizi viguse kisimamio hapo na uvikaze. Sasa tazama kwenye Kalart: mnara uwe mmoja. Rudia kwa kitu kilicho mita 5 na kingine mita 1.2. Kama mbali panakubali lakini karibu hapakubali, kifaa kilirekebishwa kwa lenzi ya urefu mwingine. Fungua kifuniko cha ubavuni, legeza skrubu mbili zinazoshika kitelezi, kisogeze milimita moja, kaza, na uanze upya kutoka kwenye mnara, kwa sababu kila marekebisho ya karibu yanavuruga ya mbali. Kazi hii inakula saa nzima. Ukifungua kifuniko, usiguse vioo: rangi yao ya fedha inatoka kwa kitambaa kikavu.

Fremu ya waya ndiyo waliyotumia vitani. Inakunjuliwa kutoka kwenye kisimamio, nawe unatazama kupitia kitundu kilicho nyuma. Ubora wake ni kwamba inajirekebisha yenyewe: waya una ukubwa wa filamu na uko umbali uleule na lenzi, kwa hiyo inafaa kwa lenzi yoyote, na ukiinua kisimamio nayo inainuka. Chini ya mita 2 usiitegemee kwa mipaka ya picha.

Ukipiga kwa fremu ya waya hutapata muda wa kipima umbali, basi weka fokasi mapema. Kwa lenzi ya 127 mm, ukilenga mita 10 kwenye f/16, kila kitu kuanzia mita 5 hadi upeo wa macho kitakuwa na ukali wa kutosha. Kwenye f/11 lenga mita 15, utapata kuanzia mita 7.5. Kwenye f/8 ni mita 20, na ukali unaanzia mita 10. Wekea alama za rangi kwenye reli mahali pa mita 10 na 15.

Mwanga

Kwa filamu ya ISO 400 kama Ilford HP5 Plus, jua kali la kivuli chenye ukingo mkali linataka f/16 kwa 1/400, kasi ambayo shata ya Supermatic inayo vilevile. Filamu ya ISO 100 inataka f/11 kwa 1/200. Mawingu mepesi fungua stopi moja. Mawingu mazito, mbili. Kivuli cha wazi, tatu. Uso mweusi chini ya jua la utosi uongezee stopi moja, kwani macho yataingia kwenye mashimo ya kivuli. Ukikaribia kitu hadi mvukuto unyooke sana, gawa urefu wa mvukuto kwa urefu wa lenzi, zidisha jibu kwa lenyewe, na hiyo ndiyo mara ngapi uongeze mwanga: mita 1 kwa lenzi ya 127 inadai mara 1.3 hivi, mvukuto wa sm 25 mara nne.

Kama shata yako ni Compur ya zamani, chagua kasi ya juu kabisa kabla ya kuikoki, yaani kukaza springi yake. Ina springi ya ziada, na kuilazimisha baada ya kukoki kunaweza kuivunja.

Mpangilio wa kupiga

1. Pazia kwenye wazi. Angalia kwa macho kupitia mgongo, usikisie.
2. Lenga, weka tundu na kasi.
3. Funga shata ya mbele. Ikoki.
4. Ingiza kaseti mpaka mfupa wake ulale kwenye mfereji. Ukiisikia inacheza, itoe na uirudishe.
5. Vuta bamba lote, wima, bila kulipinda. Ukivuta kwa pembe, mwanga unaingia upande mmoja na shiti inapata mstari kama mwale wa jua.
6. Piga.
7. Geuza bamba: upande mweusi nje. Lirudishe. Geuza kulabu.
8. Toa kaseti, igeuze, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 3 ndiyo inayosahaulika na wanaotoka kwenye kioo cha ukungu: shata iko wazi bado, bamba linavutwa, shiti inaungua na kutoka nyeusi yote. Hatua ya 7 ikisahaulika utapiga shiti moja mara mbili. Na shiti inayotoka tupu kabisa, bila hata kivuli, karibu kila mara ni pazia lililobaki limefungwa.

Taa ya flashi

Mpini wa chuma wa flashi ya Graflex wenye betri tatu kubwa umekuwa ghali, kwa kuwa ndio uliotengenezewa panga la mwanga la Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars na watu wanaununua kuukata. Kama unao mzima, unachoma balbu za mara moja kama Press 25 au No. 22. Balbu ya aina hiyo inachukua sehemu 20 za elfu ya sekunde kufika kileleni, na ndiyo maana shata za zamani zilifungwa kisukumio cha umeme kinachochelewesha ufunguzi. Flashi ya kisasa ya elektroniki haichelewi, kwa hiyo ukiichomeka kwenye mfumo huo itamaliza kuwaka kabla shata haijafunguka. Inahitaji shata yenye alama ya X. Pasipo X, kamera iwe kwenye stendi, chumba kiwe na giza, fungua kwa B (shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza), washa flashi kwa mkono, funga.

Balbu nyingi zina doa la bluu ndani. Likigeuka la pinki, hewa imeingia na balbu inaweza kupasuka ikiwaka; tupa. Chomoa betri kabla ya kuingiza balbu mpya, na uwashie mbali na uso wa mtu. Tundu linapatikana kwa kugawa namba ya mwongozo kwa umbali: namba 32 kwa mita, mtu yuko mita 4, basi ni f/8.

Kusafisha kwenye joto

Unahitaji trei nne za inchi 5×7, kila moja na mililita 500: maji matupu, dawa ya kutoa picha, maji ya kusimamisha, fiksa (dawa ya kuidumisha picha). Safisha shiti nne kwa mkupuo, sita ukishazoea. Ziloweke moja moja kwenye maji, upande wa dawa juu. Ukizirundika zikiwa kavu zitagandana na hutazitenganisha. Kisha zipeleke kwenye dawa kwa mfuatano, ukiitoa ya chini na kuiweka juu bila kuacha. Shiti ya kwanza uiingize ubavu, ili ujue imeanza wapi. Kata kucha.

HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 ya 1+1 (dawa na maji nusu kwa nusu) inakaa dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba Pwani hutoka nyuzi 27 au 28, na hapo jeli ya filamu inalainika na muda unakuwa mfupi mno kuudhibiti. Usihangaike kufika 20. Weka trei ndani ya beseni pana lenye chupa mbili za barafu, shusha hadi 24, na usafishe kwa dakika 9. Muhimu kuliko namba yenyewe ni bafu zote, pamoja na maji ya kuoshea, zitofautiane kwa nyuzi zisizozidi mbili. Filamu inayotoka kwenye 22 kuingia 28 inaweza kupasuka uso kama tope lililokauka. Fiksa ya haraka ya 1+4 inatosha kwa dakika 5. Osha dakika 10 ukibadilisha maji mara sita, malizia na tone la kilainishi, anika kwa pembe moja mahali pasipo feni.

Kuihifadhi na kusafiri nayo

Mfuko wa ngozi uliokuja na kamera ni mzuri kwa kabati la maonyesho. Pwani unafuga ukungu, nao ukungu unapanda kwenye lenzi na kuchonga kioo. Weka kamera kwenye sanduku la plastiki lenye mpira, gramu 200 za silika (chembe za kunyonya unyevu) zilizokaushwa upya kila mwezi, na uitoe ipate hewa kila wiki mbili. Ifunge kwa mpangilio: reli nyuma, kisimamio kimeshushwa na kuwekwa katikati, vizuizi vimelazwa, shata haijakokiwa, ndipo mlango. Mlango ukikataa kufunga, kitu kimoja kati ya hivyo umekisahau. Usisukume kwa goti.

Filamu isiyosafishwa usiiweke kamwe kwenye begi linalopelekwa chini ya ndege. Kwenye mkono nako, mashine mpya za CT zinaiharibu hata kwa mara moja, kwa hiyo omba ikaguliwe kwa mkono. Boksi la shiti liandike kwa herufi kubwa kwamba lisifunguliwe, maana afisa akilifungua kuangalia kilichomo, hamna tena cha kusafisha.